Kuvuka na Kuvusha: Wajenzi wa Madaraja katika Maandishi ya Vita ya Kiswahili

Kiswahili kina vitenzi viwili vya shina moja ambavyo mwandishi wa habari za vita hana budi kuvipambanua. Kuvuka ni kazi ya mtu anayefika ng'ambo. Kuvusha ni kazi ya mtu anayemfikisha. Katika maandishi yaliyopo juu ya vita vya karne ya 20 katika Afrika ya Mashariki, na juu ya askari wa nchi hizi waliopelekwa kupigana mbali, wavukaji wametajwa kwa majina, vyeo na tarehe. Wavushaji, yaani wahandisi wa jeshi na mafundi wao, wapiga makasia, wabeba boriti na wafunga kamba, hutajwa kwa jumla au hawatajwi kabisa. Upungufu huo ni wa fasihi kabla ya kuwa wa historia. Yafaa uchunguzwe umetoka wapi: kama ni katika lugha, ambayo labda haikuwa na maneno ya kazi hiyo, au ni katika bahari za ushairi, ambazo labda hazikuweza kuibeba, au ni katika jambo la tatu lisilo lugha wala ushairi.

Mahali pafaapo kuanza ni Isongole. Mji huu umo mpakani, katika Wilaya ya Ileje ya Mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ng'ambo ni Wilaya ya Chitipa ya Malawi, ambayo mji wake mkuu uliitwa Fort Hill zama za Nyasaland. Mto Songwe, uteremkao hata Ziwa Nyasa, ulifanywa mpaka kwa mapatano ya Waingereza na Wadachi ya tarehe 1 Julai 1890. Walambya wanakaa pande zote mbili za mpaka huo, na lugha yao haikukatwa na mapatano. Basi kwa mwenyeji mto ulikuwa mahali pa kuvuka. Kwa serikali ulikuwa mahali pa kukomea. Na kwa jeshi ulikuwa kizuizi ambacho mtu hulipwa au hulazimishwa kukiondoa.

Vita vya kwanza vya dunia vilipita katika nchi hii mara tatu. Mwezi wa Septemba 1914 jeshi la Wadachi lilivuka Songwe likaishambulia Karonga, likashindwa tarehe 9 ya mwezi huo. Mwezi wa Mei 1916, masika yalipokwisha, Jenerali Edward Northey alivusha vikosi vyake kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, kimoja chao kikiondokea Fort Hill, na kabla ya mwezi kwisha Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu, ilikuwa mikononi mwake. Mwezi wa Novemba 1918 Lettow-Vorbeck alipita Mbozi akaingia Rhodesia ya Kaskazini na kuishambulia Fife, si mbali na Tunduma, siku chache kabla ya vita kukoma. Majemadari wa safari hizo wameandikiwa vitabu. Wapagazi waliobeba magunia, risasi na mbao waliitwa mtengatenga upande wa Nyasaland, na jina hilo ndilo kumbukumbu yao kubwa kupita zote. Huko Dar es Salaam jina la kikosi chao liligeuka kuwa Kariakoo, na wengi wanaonunua na kuuza katika soko lile hawajui kwamba wanatamka jina la kikosi cha wapagazi. Lugha ilikumbuka pale ambapo vitabu vilisahau. Jambo hilo litaonekana tena.

Ama kuhusu maneno, Kiswahili hakikungoja Wazungu kijue kuvuka mto. Neno lake la zamani ni ulalo: mti au magogo yaliyolazwa juu ya maji ili watu wapite. Asili yake ni kitenzi cha kulala, na ndugu zake wametapakaa katika lugha za Kibantu: Kinyanja husema ulalo, Kibemba husema ubulalo, na maana ni ile ile. Neno la pili ni daraja, lililotoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni kidato au ngazi, na kwa njia ya fumbo cheo cha mtu. Kiswahili kilichukua maana zote hizo kikaongeza moja ya kwake, ile ya njia ijengwayo juu ya maji. Katika Kiswahili cha leo daraja limeshinda, na ulalo umebaki kwa wazee na katika kamusi. Walakini tofauti baina ya maneno haya mawili yastahili kuhifadhiwa, kwa kuwa ulalo wataja tendo la mkono, mtu kulaza gogo, na daraja lataja kitu kilichokwisha kusimama. Anayesema ulalo amemwona mlazaji. Anayesema daraja aweza kuwa ameona kitu tu.

Fungu la tatu la maneno ni la pwani. Jeshi linaloshuka kutoka merikebuni na kushambulia nchi kavu lahitaji kujua mambo ambayo mabaharia wa Kiswahili wameyapa majina kwa karne nyingi: kupwa na kujaa kwa maji, bamvua, maji yanapopanda kupita kawaida, maji mafu, yanapotambaa tu, bildi ya kupimia kina, tishali ya kupakulia shehena na watu. Kuna hata kitenzi kimoja kinachobeba msiba mzima wa shambulio la namna hiyo, nacho ni kupwelewa: chombo kuachwa juu ya mchanga maji yanapotoka, kisiweze kwenda mbele wala kurudi nyuma. Lugha zisizo za mabaharia huhitaji sentensi nzima kulieleza jambo hilo.

Tanga ya mwaka 1914 ni mfano wa jeshi lililoingia katika kazi ya kuvusha bila kujifunza kuvusha. Kikosi cha Waingereza kutoka India, askari wapatao 8,000, kilishushwa kwa tishali karibu na Ras Kasone tangu tarehe 2 Novemba, baada ya majuma ya kukaa merikebuni, pasipo zoezi la kushuka pamoja, katika pwani ambayo wakubwa wao hawakuijua. Lettow-Vorbeck alikuwa na watu kama elfu moja. Tarehe 5 Novemba kikosi kilikuwa kimerudi merikebuni, kimepoteza zaidi ya watu 800 waliokufa na kujeruhiwa, na nyuma yake kimeacha bunduki na risasi zilizowafaa adui zake. Kinyume chake ni jambo dogo la Ziwa Nyasa. Tarehe 30 Mei 1915 meli Guendolen ilishusha askari Sphinxhaven, ndiyo Liuli ya leo, wakaiharibu meli ya Wadachi Hermann von Wissmann iliyokuwa nchi kavu. Wachache walioijua pwani yao walifanikiwa mahali ambapo wengi wasioijua walishindwa.

Baada ya hayo mtu angetazamia kwamba fasihi ya vita ya Kiswahili, iliyozaliwa pwani, ingekuwa na macho makali kwa mambo ya kushuka na kuvuka. Tenzi tatu zatosha kupima tazamio hilo. Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, uliochapwa mwaka 1955, unasimulia vita vya Abushiri vya miaka ya 1888 na 1889, wakati manowari za Wadachi zilipoipiga miji ya pwani. Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, uliochapwa mwaka 1957, ni wa vita vya kusini vilivyoanza mwaka 1905. Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, uliotoka mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake, wataka kuvieleza vita vyote vya dunia vya mwaka 1939 hata 1945 katika beti 3,000.

Washairi wawili wa kwanza walikuwa karibu na mambo yao. Hemedi aliandika akiwa mtu wa Mrima, juu ya watu na pwani aliyoijua, na manowari ilikuwa kitu kilichokuja kwake, si kitu alichokisoma. Abdul Karim alikuwa mtu wa Lindi, na moto wa Maji-Maji uliwaka katika nchi yake. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali katika Tanganyika, wala hakuona medani hata moja katika medani alizozisimulia. Kwa hiyo utenzi wake una fadhila kubwa na upungufu mkubwa vitokavyo katika chanzo kimoja. Fadhila ni upana: hakuna mshairi mwingine wa Kiswahili aliyethubutu kuukusanya ulimwengu wote katika bahari moja na kuuweka chini ya swali moja la haki na dhuluma. Upungufu ni kwamba jicho lake ni jicho la ramani. Katika ramani mto ni uzi mwembamba, na jeshi hupita juu yake kwa urahisi kama kidole. Msomaji hujua nani alishinda na kwa nini alistahili kushinda; hajui maji yalikuwa na kina gani, wala nani alikuwa ndani yake hata kifuani ameshika kamba.

Lakini ni lazima kuwa na haki kwa mshairi. Maji hayo yalikuwa mbali naye sana, na waliosimama ndani yake hawakumwandikia. Basi yafaa waangaliwe watu hao wenyewe, na mafunzo waliyopewa, na lugha waliyofundishwa kwayo.

Vita vya pili viliikuta Uingereza imeanza kuyakubali mafunzo ya Tanga na ya mahali pengine. Mwaka 1940 ilifungua kituo Inveraray, katika Scotland, ambako askari wa nchi kavu na mabaharia walizoezwa kushuka pwani pamoja. Tarehe 5 Mei 1942 jeshi lake lilishuka karibu na Diego Suarez, kaskazini mwa Bukini. Tarehe 10 Septemba mwaka huo lilishuka Majunga, na nyuma ya kikosi cha kwanza kikaja Kikosi cha 22 cha Afrika ya Mashariki, chenye batalioni za KAR za Nyasaland, Kenya na Tanganyika. Askari hao ndio walioelekea Tananarive, wakaingia tarehe 23 Septemba. Njiani walilikuta daraja la Betsiboka, daraja la kuning'inia ambalo Wafaransa walikuwa wamezikata nyaya zake. Sehemu ya kati ilianguka ikalala juu ya sakafu ya mto, na askari wa miguu walipita juu yake. Lakini magari hayakuweza kufuata mpaka mafundi walipokwisha kazi yao. Ajali hiyo ililirudisha daraja katika hali ya ulalo, chuma kilicholala majini, na ikaonyesha waziwazi mpaka baina ya kuvuka na kuvusha. Askari mwepesi huvuka juu ya bahati. Jeshi halivuki ila kwa fundi.

Kipimo kikubwa zaidi kilikuwa Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki iliundwa mwaka 1943, ikapelekwa Ceylon kwa mafunzo, na katikati ya mwaka 1944 ikaingia vitani chini ya Jenerali Fowkes. Ilishuka bonde la Kabaw wakati wa mvua kuu. Matope yalimeza magari, chakula kikaletwa kwa ndege, na barabara zikatengenezwa kwa magogo yaliyolazwa moja kando ya moja, kazi ambayo mtu wa Songwe angeiita kwa jina lake bila kufundishwa. Mwanzoni mwa Desemba 1944 divisheni ilifika Kalewa ikauvuka mto Chindwin kwa mashua. Siku chache baadaye wahandisi wa Jeshi la 14, wengi wao wakiwa Wahindi, waliweka mahali hapo daraja la Bailey la kuelea lenye urefu wa futi 1,154, refu kupita madaraja yote ya namna hiyo yaliyokuwapo wakati huo, na divisheni nyingine zikapita juu yake kuelekea Mandalay.

Daraja la Bailey lastahili kuangaliwa na mtu wa lugha, si mhandisi peke yake. Lilibuniwa na Mwingereza Donald Bailey, likaanza kutumika vitani mwaka 1942, na siri yake ni kwamba laundwa kwa vipande vinavyofanana ambavyo mikono ya watu yatosha kuvibeba. Paneli moja ina urefu wa futi 10, kimo cha futi 5 na uzito wa ratli 570, na huinuliwa na watu sita. Daraja huunganishwa ukingoni juu ya magurudumu ya kuviringisha, likitanguliwa na pua nyepesi. Kisha husukumwa hewani kuelekea ng'ambo, na uzito wa nyuma hauna budi kuzidi uzito wa mbele mpaka pua iguse ukingo wa pili. Katika mto mpana hukalishwa juu ya mapantoni. Hakuna hatua hata moja katika kazi hiyo ambayo mtu aweza kuifanya peke yake, na hakuna ambayo yaweza kufanywa kwa amri iliyosikiwa nusu. Watu sita wakiinua kwa nyakati mbili, mguu wa mmoja utapondeka. Pua ikisukumwa kabla ya uzito wa nyuma kuwekwa, kazi nzima huinamia mtoni.

Katika majeshi ya Afrika ya Mashariki lugha kuu ya amri ilikuwa Kiswahili cha KAR, kilichoitwa na wataalamu Ki-KAR, kikisaidiwa na Kinyanja katika batalioni za Nyasaland. Sifa za Kiswahili hicho zinajulikana: hukanusha kwa neno hapana mbele ya kitenzi, hutumia iko mahali pa viambishi, na huacha upatanisho wa ngeli ukaenda upendavyo. Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili, ambayo kazi yake ilirithiwa mwaka 1964 na Chuo cha Uchunguzi wa Kiswahili, haikuweza kukikubali katika vitabu, na kwa upande wake ilikuwa na haki. Mtoto hafundishwi shuleni kwamba kiti iko na meza iko.

Hata hivyo hukumu ya wanasarufi iliyapima maneno hayo katika uwanja mmoja tu, uwanja wa usimulizi na maelezo. Uwanja wa amri ni mwingine. Inua, shusha, sukuma, funga, legeza, ngoja: katika Kiswahili cha amri kitenzi husimama uchi, bila kiambishi cha nafsi, bila ngeli na bila wakati. Mahali hapo Kiswahili cha Lamu, cha Unguja na cha KAR ni kimoja, na hakuna awezaye kumcheka mwenzake. Ngeli ambazo Ki-KAR kilizivuruga hazihitajiwi na watu sita walioshika paneli. Kinachohitajiwa ni silabi chache zilizo wazi zinazoweza kusikika juu ya kelele za maji, na vitenzi vya Kiswahili, ambavyo vingi vina silabi mbili au tatu na kila silabi huishia kwa irabu, vilikuwa vyombo vya kufaa kabisa kwa kazi hiyo. Lugha iliyodharauliwa madarasani ilikuwa kamili ukingoni mwa mto.

Udhaifu wake ulionekana baadaye, wakati kazi ilipokuwa habari. Mtu aliyefundishwa Kiswahili cha amri amepewa lugha ya kutii. Hakupewa lugha ya kusimulia. Aliporudi kwao alikuwa na lugha ya mama yake ya kusimulia, Kilambya, Kindali, Kinyiha au nyingineyo, na Kiswahili ambacho wachapaji wa vitabu wasingekipokea. Watu wapatao 87,000 wa Tanganyika waliandikwa katika vita vile. Magazeti ya jeshi, kama Askari na Heshima, yaliwapa ya kusoma. Lakini gazeti la jeshi hupita chini ya kalamu ya mkaguzi, na habari za jinsi mto ulivyovukwa ni za mwisho kuruhusiwa. Waliopata kuandika vitabu waliandika Kiingereza: Robert Kakembo wa Uganda mwaka 1946, Waruhiu Itote wa Kenya mwaka 1967. Gerald Hanley, Mzungu aliyefuatana na divisheni Burma, alitoa kitabu chake mwaka 1946. Historia kubwa ya KAR iliyoandikwa na Moyse-Bartlett ilitoka mwaka 1956, nayo kwa haki ya jina lake ni historia ya askari wa bunduki. Wahandisi wa Afrika ya Mashariki walikuwa kikosi mbali, nao wakabaki ukingoni mwa kitabu kama walivyobaki ukingoni mwa mto.

Hapa maana mbili za neno daraja zinagongana kwa namna ambayo mtahakiki hawezi kuipita. Mwafrika wa KAR katika vita vile hakuweza kupanda kupita cheo cha ofisa waranti, hata angalikuwa na maarifa gani. Watu waliojenga daraja kwa mikono walinyimwa daraja kwa rangi. Kiswahili kinaweza kusema hivyo kwa neno moja, na bado hakuna mshairi aliyelitumia.

Yamkini mtu atajibu kwamba mshairi si karani wa jeshi, na kwamba utenzi ukianza kuhesabu paneli na ratli utaacha kuwa utenzi. Jibu hilo lingekuwa na nguvu kama bahari ya utenzi ingekuwa haifai kwa kazi za mikono. Mambo sivyo. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani nane. Vitatu vina vina sawa, na cha nne hubeba kina kinachopita katika utenzi mzima. Huo ni umbo la hatua: vipande vitatu vinajenga, cha nne kinafika. Kadhalika sarufi ya usimulizi ya Kiswahili imesimama juu ya kiambishi cha -ka-, ambacho kazi yake ni kufunga tendo juu ya tendo kwa taratibu: wakashusha, wakapanga, wakafunga, wakasukuma. Kuna lugha ambazo hulazimika kusema kisha, na baadaye, na halafu, mpaka msikilizaji achoke. Mwenye -ka- hana haja ya kamba nyingine. Hakuna tendo la vita linalopatana na kiambishi hicho kama ujenzi wa daraja, kwa sababu katika kupigana mambo mengi hutokea pamoja na kwa fujo, bali katika kujenga kila jambo hungoja lililolitangulia. Mshairi mwenye bahari hiyo na sarufi hiyo alikuwa na mashine iliyo tayari.

Basi kosa halikuwa la lugha, kwa maana maneno yalikuwapo bara na pwani. Wala halikuwa la bahari, kwa maana umbo lake lilifaa. Lilikuwa la umbali. Mshairi alikuwa mbali na mto, na mjenzi alikuwa mbali na kalamu. Baina yao palikuwa na tabaka mbili zilizozuia habari kupita: jeshi, ambalo halikumtaka mjenzi aseme, na usanifu wa lugha, ambao haukujua kumsikiliza alivyosema. Jeshi halistahili udhuru. Usanifu wastahili udhuru nusu, kwa kuwa ulikuwa na kazi yake. Lakini kukataa namna ya usemi katika kitabu cha shule si sababu ya kuikataa katika daftari la mtafiti. Uchunguzi mzito wa Ki-KAR, ule wa Mutonya na Parsons, haukuchapwa hata mwaka 2004, na wakati huo askari wengi wa Chindwin walikuwa wamekwisha kufa.

Kosa hili lina hasara mbili ambazo zingali zinaonekana. Ya kwanza ni ya msamiati. Neno pantoni linatumika kila siku na abiria wa Kigamboni, na katika miji mingi iliyo kando ya maji, wala hakuna anayeliona geni. Lakini maneno ya sehemu za daraja, ya hatua za kulisukuma, ya mafundo na ya kazi za kila mtu katika kundi, hayakuingia katika kamusi za kawaida ingawa yalikuwa midomoni mwa watu. Mhandisi wa leo, anapoweka daraja la chuma la dharura mahali ambapo mvua imelibomoa la zamani, husema na vibarua wake kwa maneno aliyoyaokota kazini au kwa maneno ya Kiingereza, kana kwamba Waswahili hawajapata kufanya kazi hiyo. Nao wamekwisha kuifanya, na katika mito mikubwa.

Hasara ya pili ni ya hukumu. Fasihi ya vita isiyojua kuvusha humfundisha msomaji kwamba vita hushindwa au hushindikana kwa ushujaa. Tanga ya 1914 haikuwa na upungufu wa ushujaa. Waliokufa kwenye mikoko na mashamba yake hawakuwa waoga. Ilikosa watu waliofunzwa kuvusha, na wakubwa walioona kwamba kuvusha ni elimu. Msomaji aliyelelewa kwa tenzi za majemadari hana njia ya kulitambua kosa la namna hiyo, wala katika vita wala katika amani, ambako nchi nyingi zimejaa wenye hamu ya kufika ng'ambo na zina wachache waliojifunza kuwafikisha wengine.

Dawa haiko mbali. Msamiati wa kuvuka na kuvusha wapaswa kukusanywa kwanza katika mipaka ya lugha, ambako neno lina jirani wa kulipima. Isongole ni mahali pa namna hiyo. Kiswahili, Kilambya, Kindali na Kinyiha vinasikika huko. Kinyanja na ulalo wake havipo mbali. Na wazee waliolelewa na baba waliorudi kutoka Burma wangali wapo katika vijiji vingi vya pande zile. Mtafiti atakayekwenda asiende na orodha ya maneno ya Kiingereza akitaka tafsiri zake. Aulize kazi ilivyofanywa, hatua kwa hatua, na aandike jibu kwa namna lilivyosemwa, lenye ngeli au lisilo na ngeli. Kusanifisha ni kazi ya baadaye, nayo haiwezi kufanywa juu ya kitu kisichoandikwa.

Na mshairi atakayetaka kuandika utenzi wa wavushaji atakuta kwamba waliomtangulia wamemwachia bahari iliyopimwa na vina vilivyo tayari. Hemedi alionyesha thamani ya kuwa karibu na jambo. Shaaban Robert alionyesha kwamba Kiswahili hakiogopi ukubwa wa jambo. Anayeweza kuunganisha fadhila hizo mbili hatakosa habari ya kusimulia. Mito ya habari hiyo inajulikana kwa majina: Songwe, Betsiboka, Chindwin. Majina ya watu ndiyo yanayotakiwa.